Anayezikwa Ni Mwenye Kofia

Kwanza mnisamehe mwandiko na makosa ya herufi. Shule niliachia darasa la nane, na mkono wangu umezoea brashi kuliko kalamu. Ukiona neno limekaa vibaya, lisaidie kukaa vizuri kisha uendelee. Tena wazee wakitoa nasaha humwita msomaji "mwanangu". Mimi sina mtoto, na ndevu bado nazisubiri, lakini haya niliambiwa na mtu mzima, kwa hiyo nitasema mwanangu kwa niaba yake.

Mimi hutengeneza mabango pale Rangwe. Nina kibanda na kompyuta. Nikishapanga picha na maandishi, natuma Homa Bay mjini yachapishwe kwenye turubai. Kazi nyingi ni ya matanga. Kwetu mtu akifa, bango lake hufungwa barabarani, penye njia ya kuingia kwao, ili wageni wa mbali wajue pa kushukia.

Siku ambayo haitoki kichwani mwangu ni ile tuliyomzika Mzee Okumu, upande wa Asumbi. Mjane wake ni Risper, lakini kijiji kizima tunamwita Dani, yaani nyanya, hata sisi tusio wajukuu wake. Wiki ile aliniita akaniomba jambo moja tu.

"Mjukuu wangu, Marwa hajui kusoma. Mweke Okumu aonekane toka barabarani. Basi."

Mzee Marwa ni Mkuria wa Kehancha. Yeye na Okumu waliuza ng'ombe pamoja tangu wakiwa vijana, na waliahidiana kwamba atakayebaki ndiye atakayemtupia mwenzake udongo wa kwanza. Habari ya kifo alikuwa ameshapata. Lakini kwa Okumu hakuwa amefika tangu barabara iwekwe lami, na simu yake huiwasha pale tu anapotaka kupiga yeye. Bango ndilo lingemwonyesha njia.

Unaona, mwanangu, kazi ilikuwa rahisi. Tatizo ni kwamba mimi nina haya. Mtu akisimama mbele yangu akasema weka hiki, nasema sawa, ili aondoke.

Wa kwanza kuja alikuwa Fredi, mkwe wa marehemu, anayeishi Nairobi. Alisema kwa kuwa tenti analeta yeye, si vibaya picha yake ikae karibu na ya baba mkwe. Nikasema sawa. Picha hiyo alipigwa studio, tai nyekundu, meno yote nje. Ile ya marehemu ilikuwa ya zamani na hafifu. Basi ya Fredi nikaikuza kidogo, kisha kidogo tena. Akaja mwenyekiti wa kamati ya mazishi na picha yake. Sawa. Mama wa kwaya akataka majina ya wanakwaya wote, na wanaoimba sauti ya tatu wasisahaulike kama kawaida. Sawa. Wajukuu wakataka njiwa, mawingu, maua ya waridi, na maandishi yanayong'aa kama ya harusi. Sawa, sawa. Rangi nilitumia zote zilizokuwa kwenye kompyuta. Mzee Okumu akabaki kwenye kona ya chini, mdogo kama stempu, nusu ya kofia yake imefunikwa na bawa la njiwa.

Nilijivunia sana lile bango. Nililifunga mwenyewe barabarani alfajiri, nikarudi nyuma kulitazama.

Asubuhi, mama mmoja wa Mbita alikuwa akipita na matatu kwenda kuuza omena, vile visamaki vidogo vya ziwani. Aliwahi kuwa jirani wa Fredi. Alipoona bango, alisimamisha gari, akashuka na beseni lake, akaja mbio hadi bomani akilia kwa sauti.

"Fredi! Uuuwi, Fredi! Si juzi tu umenisalimia! Watoto umemwachia nani?"

Fredi alikuwa amesimama langoni na soda mkononi.

"Mama Atieno, niko hapa."

Yule mama alimwangalia, akaangalia soda, akapiga nduru kubwa kuliko zote na kukimbia katikati ya shamba la maharagwe. Beseni alilitupa. Kuku wa pale walikula matanga kabla yetu.

Watu walicheka hadi mchungaji akageuka kutazama ukuta. Mimi pia nilicheka, mpaka alipofika jirani mmoja aliyeshuka kwenye matatu ya kutoka Rongo.

"Nilikuwa nimekaa na mzee fulani wa Kehancha," alisema. "Amechungulia bango pale dirishani, akasema, 'Maskini, wamepoteza kijana mwenye mashavu bado. Lakini huyo simjui. Dereva, twende.' Ameenda Homa Bay."

Hapo kicheko kiliisha. Kwetu mazishi hayasubiri jua lishuke, na mchungaji alikuwa na mengine mchana. Kijana wa boda alitumwa Homa Bay kumtafuta mzee. Dani alichukua fimbo yake, akanishika mkono, tukaenda barabarani. Alilikagua bango toka kona hadi kona.

"Hili ni bango ama ni soko?" aliuliza. "Nimelala na huyu mtu tangu nikiwa msichana, na hapa simpati."

Nilionyesha kona ile kwa kidole.

"Nani amekufa?"

"Mzee Okumu."

"Basi onyesha aliyekufa. Walio hai watajionyesha wenyewe." Akanigeukia. "Ukija kwangu nikupikie samaki, nitamweka katikati ya sahani, ugali kando, mboga kidogo. Nitakuletea pia sufuria, na jiko, na paka aliyekuwa akimwangalia?"

"Hapana, Dani."

"Marwa akirudi atapita hapa hapa. Haya, fanya."

Nilikimbia bomani nikaleta brashi na kopo la rangi nyeusi, lile nililotumia kuandika msalaba wa kaburi. Nikageuza turubai. Nyuma ilikuwa nyeupe tupu, na weupe ule ulinitisha. Nikaanza kuchora kofia ya Mzee Okumu, ambayo kila mtu aliijua, pale pembeni, ndogo.

"Mbona unamficha? Ameiba?"

Nikaja katikati. Nikachora kubwa, mstari mmoja mnene, ukingo wa kofia umepinda juu upande wa kushoto kama alivyokuwa akiivaa. Nikaijaza weusi wote. Chini yake nikachora mshale wa kuelekea bomani. Kisha, mwanangu, mkono ukaanza kuniwasha. Nafasi ilikuwa imebaki nyingi. Nikachovya brashi nitie angalau njiwa mmoja.

Dani alichukua kopo akalifunika.

Fredi alikuwa ametufuata. Alitazama turubai, akakohoa.

"Na mimi je, mama?"

"Wewe uko hai, Fredi. Simama hapa kando ya bango, watu wakuone."

Na kweli alisimama, na tai yake.

Tuliporudi kaburini, mchungaji alikuwa amefungua kitabu mara ya pili Dani alipomwomba asubiri kidogo tena. Tulisikia matatu ikifunga breki barabarani. Mzee Marwa alikuja na blanketi begani, anacheka na machozi yanatiririka. Homa Bay aliambiwa amepitiliza, akarudi mwenyewe; yeye na kijana wa boda hawakuwa wameonana.

"Hiyo kofia ng'ombe wangu ndiye aliyeikanyaga!" alisema. "Sokoni! Nilimwambia Okumu nitamnunulia nyingine, akakataa, akasema hii sasa ina umbo. Nimeiona toka kule mlimani, hata hatujafika."

Kisha akainama, akachukua udongo.

Mwanangu, haya ndiyo niliyobaki nayo. Kabla hujachora chochote, uliza ni nini lazima kionekane kwanza, halafu vingine vyote vikipishe. Kikubwa huonekana kabla ya kidogo, na cheusi kwenye cheupe huonekana kabla ya rangi zinazogombana. Umbo ambalo watu wanalijua huhitaji maneno machache, wakati mwingine hata moja halihitaji. Nafasi tupu usiionee huruma ukaijaza. Inafanya kazi kama wewe. Na ukiwa na haya kama mimi, jifunze kusema hapana mapema, maana usipomkatalia mtu kibandani, utamkosea mwingine barabarani. Mimi bado najifunza. Juzi nilimkatalia mteja maua, nikaenda kujificha nyuma ya kibanda mpaka alipoondoka, lakini nilikataa.

Mungu akupe mkono mtulivu na jicho la kuchagua, na siku yako ikifika, wanaokupenda wakutambue toka mbali.

Nawaomba mniandikie. Niambieni kwenu mabango mnayapanga vipi, na kama nimekosea mahali mnirekebishe taratibu. Herufi ziwe kubwa, tafadhali. Dani amesema atataka kuona.