Kiti cha Mgeni wa Heshima

Baba mkwe wangu anachonga mawe ambayo binti yangu, ambaye hata kutembea bado hajaweza vizuri, anayainua kwa mkono mmoja. Ndiyo maana kule studio wanamwita Mzee Mawe. Mkiona kwenye televisheni mtangazaji amekaa mbele ya ukuta wa mawe, au waimbaji wamesimama kwenye kibanda chenye nguzo nene, lile ni povu jeupe tu, kama linalofungiwa friji dukani. Analikata kwa waya wa moto, analinyunyizia petroli kidogo lijikunyate na kuingia vishimo, kisha analipaka rangi. Upande wa nyuma haupaki. Kamera haifiki huko, anasema, rangi iharibike ya nini?

Moshi wa ile petroli umemkwaruza kifua. Nyonga nayo haijapona sawasawa tangu alipoanguka kutoka kwenye ngazi akifunga dari ya kibanda. Lakini asubuhi akitoka nyumbani utadhani ni bwana harusi.

Halafu studio ikaleta skrini, kubwa kama ukuta mzima. Ukitaka mawe unabonyeza, ukitaka msitu unabonyeza. Mafundi wakaanza kuondolewa mmoja mmoja, wakabaki wawili: yeye na fundi rangi. Ikasemekana anatakiwa mmoja tu. Hapo nyumbani tukawa tunaongea kwa sauti ya chini kama kuna mgonjwa. Mume wangu ana kibarua cha leo kipo, kesho hakipo. Sote tunakula kwa mkono wa baba yake.

Siku moja alirudi amechangamka. "Bosi kaniita. Eti Ijumaa mimi ni mgeni wa heshima kwenye kipindi, nije na familia. Watatangaza humohumo kama nabaki."

"Uongo huo!" mama mkwe akasema, huku tayari anawaza atavaa nini.

Wakati wa kula alituchekesha na kazi aliyopewa wiki ile: kiti cha kuvunjika, cha yule mchekeshaji mnene wa kipindi. Miguu ni ya mti mwepesi. Anaikata kwa msumeno mwembamba mpaka zibaki nyuzi, anaziba ufa kwa nta na unga wa mbao, anapaka rangi. Ukikitazama ni kiti cha waziri. Kule studio kiti cha namna hiyo hugeuzwa uso ukutani mpaka dakika ya kutumika, asije mtu akakikalia.

"Atakaa puu!" alisema, na mama mkwe akapaliwa na chai.

Ijumaa walituweka mstari wa mbele. Nilikuwa na mtoto mapajani. Baba mkwe aliingia na suti ya kuazima, watu wakapiga makofi, yeye akawa anatafuta macho yetu. Mtangazaji akamshika bega.

"Karibu kiti, mzee wetu!"

Alikisogelea kiti, akasimama. Nikamwona anaangalia miguu ya kiti, mmoja, halafu mwingine. Kisha akamtazama fundi rangi aliyesimama pembeni ya kamera. Fundi rangi akainama, akawa anajikwangua rangi kwenye kucha.

Hapo nilijua ni kiti gani. Mama mkwe hakujua, alikuwa bado anapiga makofi.

"Nitasimama tu, mwanangu," baba mkwe alisema taratibu. "Nyonga yangu hii haipendi kukaa."

"Aa, mgeni hasimami, bwana! Au unaogopa kazi ya mikono yako?"

Watu wakacheka. Nyuma ya kamera bosi alikuwa amekunja mikono, anaangalia saa yake. Baba mkwe alimtazama bosi, akatutazama sisi, akavuta suruali magotini kama mtu anayetunza mikunjo ya pasi. Akakaa.

Kiti kilifanya kazi vizuri sana. Alienda chini kwa upande ule ule wa nyonga, miguu juu, kiatu kimoja kikachomoka. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Mtangazaji alijishika tumbo, akaweka kipaza sauti pale chini mdomoni mwa baba mkwe. "Mzee, fundi wa kiti hiki ni nani? Tumfukuze?"

"Ni mimi," alisema kutoka sakafuni. Wakacheka zaidi.

Binti yangu naye alicheka, kwa sababu watu wote walikuwa wanacheka. Nikamgeuza uso kifuani kwangu. Mama mkwe alikuwa amesimama, mikono yake imeganda katikati ya kofi. Binti mmoja wa studio akamgusa: "Mama, kaa, unaziba kamera."

Walipomwinua, bosi mwenyewe alijitokeza kwenye taa. "Mzee Mawe anabaki!" Makofi tena. Fundi rangi akaondoka kwa mlango wa nyuma. Hakuna aliyemwambia kitu, alikuwa amesikia kama sisi.

Njiani mama mkwe alimuuliza kwa nini hakukataa. "Si kazi nimepata?" akajibu.

Kazi yenyewe tuliielewa Jumatatu. Kipande kile kilikuwa kimezunguka kwenye simu za watu; hata muuza genge alinionyesha, hajui ni mkwe wangu. Bosi anataka mzee aanguke kila Ijumaa. Ukuta watabonyeza, mawe hawayahitaji. Watakachohitaji kwake ni kiti kimoja kila wiki, na yeye mwenyewe wa kukikalia.

Kiti cha pili alikitengeneza uani kwetu, kwa sababu karakana wameigeuza stoo ya nyaya za skrini. Alikifanya kifupi, anguko liwe dogo. Kikarudishwa siku ileile.

"Wamesema hakichekeshi," alisema akishuka chini taratibu, kiganja nyongani. "Wanataka kirefu. Mkwe wangu, njoo unishikie mguu huu, usicheze."

Nilimweka mtoto kwenye mkeka, nikachuchumaa, nikaushika ule mti kwa mikono miwili. Alipitisha msumeno polepole. Zilipobaki nyuzi akasimamisha msumeno, akapuliza unga, akautazama ufa. Kisha akaongeza kidogo, ili uvunjike bila kusumbua.