Kungwi wa Kifuani

Mwanvita binti Mwinjuma alikuwa kungwi wa Mwembesongo tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na watu walisema akiwaimbia wali, ukungu wa Uluguru husogea kumsikiliza. Kope yake ya kushoto ilipoanza kushuka yenyewe kila jioni, wa kwanza kuiona alikuwa Kibwana, mpiga ngoma wake, mgane wa siku nyingi. Kibwana akaelewa anavyoelewa mwanamume. Kesho yake akabisha hodi na jogoo kwapani.

"Jogoo wa nini, Kibwana?"

"Si unanikonyeza, bibie!"

Mwanvita akacheka, hadi kicheko kikamlegea kooni na kumtokea puani. Hapo akajua jambo si la mzaha. Sauti ilikuwa inamkimbia, na Shadya, mjukuu wake, angewekwa ndani kufundwa mwisho wa mwaka, akishamaliza kidato cha nne. Binti huyo alikuwa ameapa hatoki asipoimbiwa na bibi yake.

Hospitalini, Daktari Innocent akamwamkia shikamoo, akampima, akampiga picha ya kifua. Nyuma ya mfupa huu wa kifua, akasema, kuna tezi iitwayo thimasi. Chembe changa za kinga huja humo kufunzwa kumtambua mgeni na kumwacha wa nyumbani. Zinazoshindwa hufia humo humo. Chache zinazofuzu hutoka kuulinda mwili.

"Kwa kawaida tezi hii husinyaa ukubwani. Yako, mama, imevimba. Imetoa chembe zisizofunzwa vizuri, na kinga yako sasa inapiga pale mishipa ya fahamu inapoamrisha misuli, ndiyo maana kope na sauti vinalegea."

"Ngoja, mwanangu. Zinawekwa ndani, zinafundwa, zinatolewa?"

"Ndiyo."

"Basi hao ni wali! Yaani mimi, kungwi mzima, kifuani nimefuga kungwi mlevi!"

Ikabidi Nesi Magdalena, aliyesimama kando, ashike ukuta kwa kucheka. Daktari akasema kungwi huyo itabidi atolewe kwa upasuaji.

"Na mkimtoa, nani atanifundia wengine?"

"Waliofundwa tangu utoto wako bado wapo. Watakutosha. Ila nafuu huja taratibu, mama. Siahidi tarehe."

Akapewa vidonge, akapasuliwa Dar, akarudi na kovu kifuani. Kuna siku uji ulimshinda kumeza, akageukia ukuta na kulia kimya. Kuna siku aliimba akimenya ndizi, majirani wakapiga vigelegele kwa wimbo wa jikoni.

Siku ya kumtoa Shadya ikafika. Mjomba mtu akambeba mwali mabegani, amepakwa mafuta, shanga zinametameta. Mwanvita akaanzisha wimbo. Ukapanda. Ubeti wa pili sauti ikatetereka, Shadya akafumba macho huko juu. Mwanvita akapumua, akaupokea wimbo pale ulipokuwa unadondoka, akaufikisha mwisho. Vigelegele vikapasuka, na mwali akacheka na kulia mabegani kwa mjomba wake.

Kibwana alikuwa akichungulia jicho lile la kushoto. Lilikuwa wazi kabisa, pima! Mzee akanywea juu ya ngoma yake.

Mwanvita akamtazama. Akamkonyeza kwa jicho hilo, safari hii kwa kupenda mwenyewe.

Mdundo ukapotea.