Simu ya Kumpeleka Baba Mkwe Mbeya

Muuza simu aliniuliza nataka simu ya namna gani, nikamwambia awahudumie wengine kwanza. Duka lake lipo Kyela mjini, na siku ile lilikuwa limejaa vijana waliokuja kuwekewa nyimbo. Nilisimama pembeni nikingoja wapungue, hawakupungua. Mwenye duka, mzee ambaye babu zake walitoka pwani kuja kufanya biashara huku, alinitazama juu ya miwani.

"Bibie, umekuja kununua au umekuja kununa?"

"Nataka simu inayosema njia," nikasema. "Ya kwenye gari."

"Zote zinasema."

"Inayosema kwa sauti kubwa. Nisihitaji kuitazama."

"Dereva asiyetaka kutazama! Mola atunusuru na barabara zetu."

Vijana wakacheka. Sikuweza kueleza mbele yao, nikainamisha uso.

Kwetu Unyakyusani mke hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Akimwona njiani huingia migombani mpaka apite. Hamtaji jina, hamsemeshi, wala yeye hasemeshwi naye. Tunaita ukutila, na kwa Kiswahili neno hilo ni kuogopa. Nyumba nyingi zimeshaacha. Nyumba niliyoolewa, huko Mwaya, haijaacha, ingawa baba mkwe hakosi ibada hata Jumapili moja.

Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshakufa. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na presha ilikuwa inapanda ndani yake. Hospitali huko Mbeya ilimpangia siku ya kupasuliwa, na daktari alisema wazi kwamba siku hiyo ikipita, jicho hilo nalo litakwenda na lisirudi. Safari zilizotangulia alipelekwa na mume wangu. Mara hii mume wangu alikuwa mbali, akiendesha lori la mchele la tajiri wake, na gari lake dogo lilibaki uani. Basi la abiria baba mkwe alilikataa, kwa sababu aliwahi kuteleza kwenye ngazi zake akaumia goti. Pale nyumbani mwenye leseni nilikuwa mimi tu. Mume wangu alinipeleka shule ya udereva ili nimsaidie kubeba kakao, lakini sikuwa nimewahi kuendesha kupita Kyela.

Mama mkwe alisema jambo ni rahisi. Yeye atakaa nyuma na mumewe, apokee maneno yake na kunipa mimi. Tukatundika kitenge kati ya viti vya mbele na vya nyuma, tukajaribu kwa kwenda Ipinda. Penye njia panda baba mkwe akasema, "Kushoto." Mama mkwe akasema, "Anasema kushoto." Mpaka neno linapita kwake, njia ilikuwa imeshapita.

"Mwambie arudi nyuma," baba mkwe akasema.

"Anasema urudi nyuma."

Nilirudi nyuma nikiwa na haraka, na tairi likaingia kwenye mfereji wa mpunga. Gari likainama upande. Nilimsikia akipumua nyuma ya kitenge. Hakunilaumu, kwa sababu hana ruhusa ya kunilaumu. Afadhali angenitukana. Usiku huo sikulala, nikiwaza kwamba kama Ipinda tu imenishinda, jicho la mzee wa watu litazimika mikononi mwangu.

Ndiyo maana nilikuwa dukani.

Mzee wa duka alinipangia simu mbili juu ya kioo. Ya kwanza ilikuwa na skrini pana, chaji yake inakaa, na ramani yake inakuona upesi mahali ulipo. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea msibani. Ya pili ilikuwa na spika mbili.

"Hii ukiiwasha hapa, Kasumulu wanakusikia," alisema. "Lakini ina tabia. Ikipata joto inachemka, na ikichemka inajizima. Ukinisikiliza mimi, chukua ya kwanza, uwe unaichungulia."

Kuchungulia ndiko nilikokuogopa. Kioo cha katikati cha gari nilikuwa nimeshaamua kukigeuza kitazame juu, maana upepo ukikisogeza kitenge ningeuona uso wa baba mkwe mle. Sikutaka macho yangu yazoee kutoka barabarani, kwa sababu sikujua yatakwenda kutua wapi. Nikachukua ya pili.

Akaniwekea ramani ya mkoa mzima isiyohitaji bando, akaigeuza iseme Kiswahili, akanipa na kibanio cha kuishikiza kwenye dashibodi.

"Huyu mama wa humu ndani ukikosea hakusimangi," akasema. "Anakuonyesha tu njia nyingine. Nyumbani kwenu yupo wa namna hiyo?"

Tuliondoka Mwaya alfajiri. Mpaka Kasumulu nilikuwa ninapumua. Kisha milima ikaanza, na malori. Kwa kuwa kioo cha katikati nilikuwa nimekigeuza, nilibaki na vioo vya pembeni tu, na kila honi iliyopigwa nyuma niliisikia kama imepigwa ndani ya kifua changu. Tulipopita Tukuyu ukungu ukatufunika, mstari wa barabara ukapotea. Nilifungua hewa ya moto ili kioo cha mbele kikauke, nikaiacha ikipuliza.

"Endelea moja kwa moja," simu ikasema.

"Huyu mwanamke anauona ukungu huu?" baba mkwe akauliza.

"Simu haina macho," mama mkwe akamjibu.

"Kumbe tupo wawili."

Mama mkwe akacheka. Mimi sikuthubutu. Baada ya muda nikamsikia tena, safari hii kwa sauti ya juu. "Wewe mama wa simu! Mwambie dereva wako apunguze mwendo. Mteremko wa Kiwira upo mbele."

Nikapunguza. Mteremko ulikuwepo kweli, na lori lilikuwa limeharibika katikati yake. Nikalipita polepole. Hakuwa amesema na mimi. Alikuwa amesema na simu.

Uyole tulipinda kushoto kama simu ilivyotaka, tukaingia barabara kuu. Sikuwa nimewahi kuona magari mengi namna ile. Saa ya daktari ilikuwa imekaribia. Simu ikasema, "Baada ya mita mia tano, pin—" ikanyamaza.

Niliigusa, ikaniunguza. Hewa ya moto ilikuwa inaipuliza tangu Tukuyu na sikuwa nimefikiria. Skrini ilikuwa nyeusi. Nyuma yangu lori lilipiga honi, pembeni hapakuwa na nafasi ya kusimama, na mbele niliona njia zinazoingia kulia na kushoto, zote zimefanana. Nilijua nikipinda vibaya hapo, mpaka nije kugeuza, daktari atakuwa ameita mgonjwa mwingine.

"Imenyamaza," mama mkwe akasema.

"Wewe mama wa simu," baba mkwe akaita. Kimya. Akakohoa. Kisha akasema taratibu, kwa sauti iliyonyooka, bila kumwita mtu yeyote, "Endelea moja kwa moja."

Nikaendelea.

"Tuta la kwanza," akasema, na gari likaruka. "Tuta la pili." Likaruka tena. Alivuta hewa kwa nguvu puani, na mimi nikaisikia harufu ya pumba. "Mashine ya kukoboa. Baada ya mita mia mbili, pinda kulia."

Nikawasha taa ya kulia. Mikono ilikuwa imelowa mpaka usukani unateleza. Nilimsikia mama mkwe akijizuia kucheka, lakini mimi nilikuwa ninaogopa kuliko wakati wa ukungu. Sauti ile ilikuwa inanijia mimi, na wote watatu tulijua.

"Umefika," akasema.

Lango la hospitali lilikuwa mbele yetu. Nilishuka, nikasimama nimeutazama ukuta mpaka mama mkwe alipomwongoza ndani.

Nilingoja garini mpaka mchana ukaisha. Kila mlango ulipofunguka niliinamia usukani. Mwishowe mama mkwe akatoka peke yake, akanishika mkono dirishani.

"Ndaga, asante mwanangu. Wamemuwahi. Kesho wanafungua bandeji."

"Ataona?"

"Daktari anasema ataona. Si kama kijana, lakini ataona." Akageuka, akautazama mlango wa wodi uliokuwa mkabala na gari. "Kesho usiwe hapa."

Nikawasha gari saa ileile, nikalisogeza nyuma ya jengo la kufulia.