Nilifanyiwa oparesheni ya taya, nikarudi uwanjani nikaitwa mamluki

Wakuu, habari za Jumapili.

Leo sijaja kuuliza bei ya kiwanja wala simu ipi ina chaji nzuri. Nina jambo langu binafsi na limenivuruga kichwa. Nitalisimulia lilivyokuwa, na pale nilipokosea nitasema nilikosea, kwa hiyo msinionee huruma mapema.

Nina miaka thelathini na sita, ni karani kwenye shule moja ya binafsi, nakaa Tabata. Tangu utotoni taya langu la chini lilikuwa limetangulia mbele ya lile la juu. Meno ya mbele hayakuwahi kukutana. Mahindi ya kuchoma nilikuwa nayala kwa pembeni kama mbuzi.

Uwanjani, kwenye timu yetu ya mpira ya mtaa, waliniita Kidevu, na niliitika.

Mwaka jana maungio ya taya yakaanza kuuma, nyama ikawa haitafuniki. Daktari akasema dawa ni kukata mfupa, kurudisha taya nyuma na kulishika kwa vyuma vidogo. Nikakubali. Sikufanya kwa ajili ya sura. Narudia, sikufanya kwa ajili ya sura, maana najua kuna watu humu watakaoanzia hapo.

Wiki za mwanzo mdomo ulifungwa kwa raba ndogondogo. Nilikunywa mtori na uji kwa bomba la sindano. Mke wangu alinihurumia sikukuu moja akanisagia pilau kwenye blenda. Wakuu, msije mkajaribu.

Daktari alinipa karatasi ya maelekezo. Kwanza kutembea tu. Baadaye mbio nyepesi, kidogo kidogo. Mpira, ngumi na mchezo wowote wa kugongana, marufuku mpaka miezi sita ipite na yeye apige eksirei aone mfupa umeshika.

Nikaanza kutembea asubuhi, Tabata mpaka Segerea na kurudi.

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Mapigo ya moyo nilikuwa nayasikia kwenye taya. Kidevu kilikuwa na ganzi, jasho linatiririka sihisi. Nikawa najifuta kila saa bila kujua kama kuna kitu cha kufuta. Nikinyoa, wembe ulikwenda kutafuta kidevu pale kilipokuwaga zamani.

Mwezi wa tatu baada ya oparesheni nikarudi kwenye klabu yetu ya jogging ya Jumamosi. Mnazijua hizi klabu, fulana moja, nyimbo njia nzima. Mdomo wangu ulikuwa haujafunguka vizuri, nikakaa nyuma kimya. Kiongozi akanifuata, akanikaribisha kama mgeni na kunieleza kwamba pale kwao kila mtu anaitikia.

Nimekimbia na huyo jamaa miaka minne!

Nilidhani ananitania, nikacheka. Nikamtajia jina. Akanitazama muda mrefu, akasema haiwezekani. Hata sauti yangu ilikuwa imebadilika kidogo, kwa hiyo kila nilivyozidi kujieleza ndivyo alivyozidi kunitilia shaka.

Ikawa hivyo mtaani kwetu. Nampa mama wa maandazi shikamoo, anaitikia marahaba kwa upole, halafu ananiuliza natafuta nyumba ya nani. Wanaonijua wananisifu nimependeza, kesho yake tunapishana hawanisalimii. Sikujua nifurahi au nilie. Nilikuwa naumia, sema mwanaume unamwambia nani kwamba unaikumbuka sura yako ya zamani?

Nikajidanganya kwamba nikirudi kwenye mpira mambo yatakaa sawa. Uwanjani mtu hujulikana kwa miguu yake.

Nahodha wetu ni Gaspa, rafiki yangu wa miaka kumi. Mwezi wa nne alikuja nyumbani, ligi ya mtaa imepamba moto na beki wa kushoto hana. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama daktari ameniruhusu.

Nikamjibu ameniruhusu.

Mechi yenyewe tulicheza Kinyerezi, uwanja ambao ukisimama golini unaiona mitambo ya umeme. Atakayeshinda anaingia nusu fainali. Gaspa akanipanga nimkabe mshambuliaji wao mmoja mrefu, mwenye viwiko vya kutosha.

Miguu ilitaka, kichwa kikakataa. Ukija mpira wa juu, nainama. Mmoja ulinipita hivyo hivyo, jamaa akapiga, ukagonga mwamba. Gaspa akanifokea, akitaka kujua nimeanza lini kuogopa mpira. Kipindi cha pili tukapata bao moja, tukalilinda mpaka mwisho.

Tulikuwa bado tunakumbatiana, meneja wao akaenda meza ya kamati, akaichukua leseni yangu ya mchezaji yenye picha yangu ya zamani. Akasema mtu wa kwenye picha siye aliyecheza. Tumeingiza mamluki, yaani mchezaji wa kukodi anayetumia leseni ya mwenzake.

Sheria ya ligi yetu haina huruma kwa mamluki. Timu inapoteza mchezo, na nahodha aliyesaini orodha anafungiwa msimu mzima. Aliyesaini alikuwa Gaspa.

Mwenyekiti wa kamati ni Mzee Nangoma, mwalimu mstaafu. Nikampa shikamoo. Alitazama picha, akanitazama mimi, akarudi kwenye picha. Akaniambia nivue kofia niliyojivika mechi ilipoisha. Akaniambia nisogeze kidevu mbele.

Wakuu, nilijaribu. Hakiendi.

Watu wakacheka, na mimi nikajitia kucheka, ila aibu niliyoisikia pale sijawahi kuisikia tangu nizaliwe. Wenzangu walinitetea, Gaspa akaapa kwa jina la mama yake. Mzee akawajibu kwamba kila timu humtetea mamluki wake. Kisha akanigeukia.

"Kijana, kama ulipasuliwa kweli, karatasi ya hospitali huna?"

Ninayo. Nimeipiga picha, ipo kwenye simu.

Tatizo ni kwamba ni karatasi ileile moja. Juu ina jina langu kamili na oparesheni niliyofanyiwa. Chini, kwa mwandiko wa daktari, kuna marufuku ya mpira, imepigiwa mstari mara mbili. Nikiitoa, Gaspa anajua nilimdanganya. Nikiificha, Gaspa anafungiwa kwa kosa la kuniamini.

Kuna sekunde niliwaza niseme simu imeisha chaji. Naliandika hili kwa sababu niliahidi ukweli.

Nikampa Mzee ile simu.

Akavaa miwani, akasoma taratibu, kimoyomoyo. Alipomaliza akatangaza kwamba mchezaji ni mwenyewe na ushindi unabaki. Timu ikalipuka kwa kelele. Ila simu hakunirudishia mimi. Alimpa Gaspa.

"Nahodha, hebu soma na hapo chini."

Gaspa alisoma. Nilisubiri anitukane, ningefurahi angenitukana. Alikaa chini kwenye nyasi, akasema polepole, "Yule jamaa mrefu nimekupangia mie. Angekuvunja, mkeo ningemwambia nini?"

Akanyanyuka, akachukua viatu vyangu vya mpira, akavifunga kamba pamoja, akavitia kwenye begi lake, akaondoka.

Hiyo ni wiki mbili zilizopita. Jumatatu iliyofuata nilikwenda kwa daktari nikamwambia kila kitu. Eksirei inaonyesha vyuma havijasogea, Mungu mkubwa. Alinigombeza kama mwanafunzi, akasema nibaki na kutembea na mbio nyepesi, mpira ni baada ya miezi miwili mingine, akishaona picha mpya.

Nilichojifunza, wahenga walishakisema: mficha maradhi kilio humuumbua. Kama umetoka kupasuliwa taya na unataka kurudi mazoezini, fuata karatasi ya daktari, si hamu yako. Na wenzako uwanjani waambie ukweli, maana ukiumia ni wao watakaokubeba.

Lakini bado nimechanganyikiwa. Gaspa hapokei simu yangu. Hajaitoa siri kwa timu wala kwa mke wangu. Viatu bado viko kwake, na sijui kama alivichukua kwa hasira au kwa kunipenda. Kuna asubuhi natembea mpaka getini kwake, nasimama, nageuka.

Waliopitia oparesheni kama hii mniambie, huchukua muda gani mtu kuizoea sura yake? Na wenye busara, niende kwa Gaspa sasa au nimwache apoe? Maana mfupa, daktari amenipa tarehe yake. Huyu rafiki yangu hakuna wa kumpiga eksirei, ndiyo maana nawauliza nyinyi.