Visigino vya Wabeba Mizigo

Kazi yangu ni mifupa na homoni. Nikiieleza kanisani watu hunionea huruma, maana hapa Bukavu ukisema unafanya utafiti, wanadhani umekosa kazi. Nilikuwa nikiwapima wanawake wanaopandisha makala, yaani makaa, na mihogo kutoka sokoni hadi mtaa wa Muhumba, mgongo umeinama, kamba imepita kwenye paji la uso. Niliwatoa damu, kisha kila mmoja aliweka kisigino kwenye mashine ndogo inayoonyesha kama mfupa umepungua. Walicheka sana. Hawakuwahi kuona daktari anayejali visigino.

Mmoja alicheka kuliko wote. Alikuwa mjane mwenye watoto wadogo, hajafika miaka arobaini, na hedhi yake ilikwisha zamani. Damu ilionyesha kwamba homoni yake ya kike ilikuwa karibu kumalizika. Homoni hiyo ikipungua, mwili huila mifupa yake haraka kuliko unavyoijenga. Kisigino chake kilikuwa cha ajuza. Nilimwambia bila kuficha kwamba akiendelea kubeba, mgongo utavunjika. Nikaongeza ya vitabuni: anywe maziwa, ale samaki, apumzike, atumie dawa ambayo hata mimi sijui pa kuipata mjini. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

“Asante, docteur,” alisema. “Lakini kama minaacha kubeba, batoto batakula nini?”

Nilipandwa na hasira. Nilimkasirikia nani, sijui.

Yeye mwenyewe aliwasimulia wenzake sokoni, kwa utani, kwamba amepimwa na kukutwa ana mifupa ya nyanya yao. Wao hawakucheka. Sasa, mbeba mizigo hajitwiki. Gunia ni zito mno; wenzake wawili hulinyanyua na kumwekea mgongoni, naye hukaza kamba kichwani. Leo nakutwika, kesho unanitwika. Kumnyima mwenzako mikono hiyo ni kumfukuza kazi, na ndivyo walivyofanya, kwa upendo kabisa.

“Hatutakutwika tena,” mkubwa wao alimwambia. “Docteur alikatala. Shiye hatutaki kukuzika.”

Walimchangia unga. Ulitosha siku chache, kisha kila mmoja akarudi kwenye njaa ya nyumbani kwake. Aliwaomba tena wamtwike, wakakataa tena. Basi akashika njia ya Mumosho, ambako hakuna aliyemjua. Huko aliliegemeza gunia la mihogo kwenye ukingo wa barabara, akakaa chini akiligeuzia mgongo, akavaa kamba, akajiinua peke yake.

Mgongo ulivunjika kabla hajasimama. Wapita njia walimpakia kwenye pikipiki, na barabara ile mnaijua, mashimo matupu. Nilipofika kwake alikuwa amelala ubavu, hawezi kugeuka bila kupiga kelele. Watoto walikuwa wameshagawanywa kwa ndugu, huyu huku, yule kule. Alinieleza yote kwa sauti ya chini, kisha akaniomba niondoke. Niliondoka nikiichukia kazi yangu na wenzake, na nikimchukia kila mtu aliyewahi kuandika kwamba mgonjwa apumzike.

Wenzake nao walikuwa bado hawajapata majibu ya vipimo vyao. Niliwakuta sokoni kwenye malori ya makala. Nilidhani watanitukana. Mkubwa wao alinipa kiti cha mwenye duka la jirani, akasimama mbele yangu, na wengine nyuma yake.

“Docteur, kama unataka damu ingine, tutakupatia,” alisema. “Lakini ile majibu, bakia nayo. Usituambie.”

Nilimwambia kwamba mtu ana haki ya kujua hali ya mwili wake. Nilisema kwa ukali.

“Kama tunajua,” alisema, “nani atatutwika?”

Niliondoka bila kuwaambia. Majibu yao ninayo kichwani. Wapo wenye mifupa mizima, na wapo walio njiani kama yule mjane. Huyo mkubwa wao, anayeinua gunia la kila mtu, mifupa yake ni mibaya kuliko yote niliyopima. Asubuhi hupita mbele ya lango langu na makala mgongoni, jasho linamtiririka. Hawezi kuinua kichwa kwa sababu ya kamba, lakini viatu vyangu anavijua.

“Bonjour, docteur.”

“Bonjour, maman,” namjibu, na ninampisha njia.