Mgongo wa Mama na Mikono ya Shemeji

Mama alikuwaga hainuki kitandani bila kushika ukuta. Kiuno chake kilianza kuuma kabla sijang'oa meno ya utoto. Wakati ule wa Mwingereza tulimpeleka hospitali ya Musoma mara nyingi, hadi dresa, yule msaidizi wa daktari, akamzoea. Alipewa vidonge, akaambiwa asiinue vitu vizito. Loo! Kwetu Butiama maji yalijileta yenyewe?

Nafuu aliipata alipochanganya vidonge na mikono ya kijana mmoja mkandaji, aliyehamia kwetu kutoka Nyasura. Alimlaza Mama kifudifudi juu ya ngozi, akambonyeza taratibu pembeni mwa uti wa mgongo, kisha akamnyoosha miguu. Dresa hakukataa. "Akandwe, ila vidonge asiache, na miguu ikifa ganzi mrudi haraka." Msimu ule Mama alilima mwenyewe huku akiimba. Jamani, nilifurahi!

Kijana yule akampenda dada yangu, akaleta posa. Sote tulijua maana yake: kwetu mkwe hamgusi mama mkwe, hata kutazamana usoni hawatazamani. Baba akasita. Mama akasema, "Mtoto ameshapenda. Mimi kuumwa nimezoea." Ng'ombe wa mahari wakaingia zizini, na Mama hakukandwa tena na yule kijana.

Shemeji hakututupa. Alikuwa anasimama nyuma ya nyumba, anamwelekeza dada kwa sauti: "Shuka kidogo. Haya, egemea." Dada alijitahidi, maskini, lakini Mama alikuwa anauma kanga kwa maumivu.

Siku moja Mama alianguka njia ya kisimani, akashindwa kuinuka. Aliyemkuta ni shemeji, peke yake. Niliposikia anaita watu nilikimbia, nikamkuta amempa Mama mgongo, machozi yanamtoka, anasema, "Mama, pumua. Jaribu kukunja goti."

"Mshike basi!" nilimfokea. Hakugeuka.

Mama akanijibu akiwa pale chini kwenye jua, "Mwache mwenzio. Ananiheshimu."

Tulimpeleka Musoma kwa lori, miguu imeshakufa ganzi. Dresa alisema pengine hata angeshikwa ingekuwa vilevile. Sikutaka kusikia. Mama hakutembea tena, na mimi nikamnunia shemeji miaka na miaka, mpaka dada aliponiambia kwamba tangu siku ile mume wake hajamkanda mtu yeyote.