Kanuni ya Sita ya Uwanja Wetu

Mwanangu, katika siku zote za ujana wangu, ninayoikumbuka hadi rangi ya viti ni ile niliyozuiwa langoni kwenye sherehe ya mahari yangu mwenyewe. Nakusimulia kwa sababu nimesikia umeingia katika kamati inayotengeneza upya kanuni za bustani na viwanja vya mtaa, na nimekuona unavyotembea na kalamu mfukoni. Hata mimi nilitembea hivyo.

Nilikuwa nimemaliza shule, nina diploma yangu, na Kifaransa changu kinang'aa. Mkuu wa mtaa wetu hapa Nguba akaniita. Kanuni za uwanja ule unaotazama ziwa kutoka juu zilikuwa zimechakaa, zinakataza mbuzi na baiskeli tu, naye akataka niziandike upya. Unaujua ule uwanja. Katika mji huu, ambao ukiangusha kiazi mlangoni unakwenda kukiokota ziwani, pahali tambarare pa kukusanya watu ni pa kuhesabu.

Nikakaa mezani kwa mama, nikafunga dirisha kwa sababu ya vumbi, nikaandika kanuni kumi na mbili kwa alasiri moja. Uwanjani sikukanyaga. Niliuona kichwani tu: majani mabichi, maua, watu wachache waliovaa vizuri wakitembea polepole. Kwa hiyo nikakataza kuanika nguo kwenye majani. Nikakataza mpira. Kanuni ya sita, niliyoipenda kuliko zote, ilikataza mahema, viti, mapishi na nyimbo. Mkuu wa mtaa alisaini bila kufika mwisho, karatasi ikabandikwa langoni, nami nikawa napita pale kuisoma ili nijifurahishe.

Mlinzi wa uwanja aliitwa Muzee Cikuru, mtu mfupi mwenye filimbi shingoni. Kusoma hakujua, lakini aliomba asomewe kanuni zile mpaka akazishika zote, na tangu hapo filimbi haikupumzika. Akina mama wakaondolewa na nguo zao mbichi. Vijana wa mpira wakahamia barabarani, katikati ya pikipiki. Nilisikia hata kuna familia iliyofiwa ikakataliwa. Sitakudanganya, sikuona kosa langu. Nilidhani watu hawajazoea utaratibu.

Kisha nikapata mchumba. Familia yake ilikuwa ya Bunyakiri, watu wenye heshima zao, nao wakatuma habari kwamba Jumamosi wataleta mahari. Siku ya mahari, kama ujuavyo, familia mbili hukaa zikitazamana, kila upande na msemaji wake, na katikati panaachwa wazi. Nyumba yetu ilikuwa imening'inia kwenye mteremko. Tukipanga viti pale, wakwe wangekaa chini na sisi juu, tukiwatazama utosini! Shangazi alisema wazi kwamba wakikalishwa hivyo watarudi na mbuzi wao. Baba akaamua bila kuniuliza kwamba twende uwanjani.

Mimi nilikuwa kwa shangazi nikivalishwa liputa mpya, kitenge cha sherehe, sikujua lolote mpaka nilipoletwa. Nikakuta wakwe wamesimama barabarani na suti zao na vikapu vyao, viti vimerundikwa pembeni, na Muzee Cikuru yuko katikati ya lango, ametandaza mikono.

"Hapa haiwezekane, mademoiselle," akaniambia. "Artikle ya sita. Hema, hapana. Viti, hapana. Kupika, hapana. Kuimba, hapana."

"Muzee, ni mimi niliandika ile karatasi!"

"Njo maana nakwambia na heshima. Bengine nabapigiaka filimbi."

Wakwe wakacheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Nikamgeukia mkuu wa mtaa, aliyekuwa mgeni wetu siku hiyo, nikamwomba aifute kanuni ya sita kwa siku ile moja. Alikwisha kutoa kalamu wakati Maman Furaha, jirani yetu aliyefiwa na mumewe majuma mawili nyuma, alipojitokeza kati ya watu waliokuwa wakitazama.

"Mutoto wangu," akasema bila ukali, "siku ya kilio ya bwana yangu nilikuja kuomba hapa, banikatalia. Bageni balikaa ku ngazi ya nyumba, mvua ikabanyeshea. Leo unafuta artikle juu ya mahari yako. Juu ya kilio yangu, nani alifuta?"

Hakuna aliyecheka tena. Niliona aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu asijue aiweke wapi mikono yake. Mimi, na Kifaransa changu, nilikuwa nimemnyima huyu mama mahali pa kumlilia mumewe. Nikapiga goti vumbini na liputa yangu mpya, nikamwomba msamaha mbele ya wakwe. Nikamwambia mkuu wa mtaa asifute kitu kwa ajili yangu. Tuandike upya kwa ajili ya wote, sasa hivi, la sivyo mahari isubiri.

Baba alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili. Shangazi akashika kichwa. Nami nilijua ninachokiweka hatarini, maana yule kijana nilimpenda sana. Ndipo msemaji wa wakwe, mzee mwenye kofia, akakohoa.

"Sisi tumetoka mbali, Bunyakiri si hapa karibu," akasema. "Lakini mutoto mwenye anakubali kosa mbele ya bakwe, huyo tunamungojea. Muandike."

Tukaandika pale langoni, karatasi juu ya kiti. Kila mtu akasema anachofanya uwanjani na saa zake. Akina mama wakapewa upande wa ua mpaka saa sita, wa mpira wakapewa alasiri. Tukakubaliana kwamba kilio kitatangulia sherehe yoyote, na kila anayepika ataondoa majivu yake. Muzee Cikuru akaomba benchi, kwa kuwa miaka yote alikuwa akisimama na hakuna aliyewahi kumuuliza. Mkuu wa mtaa akasaini, safari hii baada ya kusoma. Viti vikaingia, wakwe wakakaa usawa na sisi, mahari ikapokelewa. Jioni majivu niliyazoa mwenyewe, na mchumba wangu akashika beleshi.

Basi nakuambia, mwanangu: kabla hujaandika neno "haikubaliwi", nenda ukakae pale juma zima, umwone kila anayepatumia. Yule unayetaka kumwondoa, muulize ataenda wapi. Akikosa pa kwenda, kanuni yako haijaiva. Andika ile utakayoweza kuifuata siku ya furaha yako na siku ya msiba wako, kwa maana zote mbili zitakukuta hapa hapa mtaani. Mungu aubariki mkono wako, akupe sikio la kusikiliza, na siku utakapohitaji mahali pa kukalisha watu wako, ukute majirani wamekwisha kukupangia viti.